Tanzia ya Wazee Wetu ni Amana



Katika nyumba nyingi za pwani yetu mna kasha, au mkoba, au bahasha kuukuu isiyofunguliwa ila mtu anapokufa. Ndani yake mna hati ya kiwanja, vyeti vya ndoa, risiti za miaka iliyopita, na pengine kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kimegeuka rangi ya chai. Aghalabu kipande hicho ni tanzia ya mzee wa nyumba ile. Watoto hukisoma, wakasema, "Alaa! Kumbe babu alikuwa mtu mkubwa," kisha wakakikunja na kukirudisha kilikotoka.

Nami nilikuwa katika hao. Leo nataka kukueleza, ndugu msomaji, jinsi kipande kimoja cha namna hiyo kilivyotutoa katika kujifakhiri kikatutia katika deni. Nimeyaficha majina ya watu wangu, kwani makusudio ni mazingatio, wala si kumfedhehi maiti wala aliye hai.

TANZIA SI JAMBO GENI KWETU

Wako wasemao kwamba kuandika tanzia gazetini ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwapa Masahaba habari ya kufa kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, siku ile ile aliyofariki, akatoka nao mpaka mahali pa kusalia, akawapanga safu, akamsalia kwa takbiri nne. Na katika mwaka wa 8 wa Hijra aliwatangazia watu wa Madina vifo vya Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdulla bin Rawaha katika vita vya Muuta kabla mjumbe hajafika, na macho yake yakibubujika machozi. Lililokatazwa ni lile tangazo la kijahiliya, la kupiga makelele, kujigamba kwa ukoo na kumsifu maiti kwa sifa asizokuwa nazo. Ama kuwajulisha watu wapate kumsalia maiti, kumwombea na kuwapa mkono wafiwa, hilo lina asili katika dini yetu.

Wanavyuoni wetu walikwenda mbele zaidi. Ibn Khallikan, aliyezaliwa Irbil mwaka 1211 na kufariki Damascus mwaka 1282, alitunga kitabu kizima cha watu mashuhuri, akakiita kwa jina la "wafayat", yaani vifo, na akashikilia sana kutaja mtu amekufa lini. Kwa nini? Kwa sababu tarehe ya kufa ni mizani ya ukweli. Wanavyuoni wa Hadithi wamesimulia kisa cha mtu mmoja aliyekuwa akipokea Hadithi kutoka kwa Khalid bin Maadan. Ismail bin Ayyash akamwuliza, ulimsikia mwaka gani? Yule mtu akajibu kuwa ni mwaka 113. Ismail akamwambia kuwa basi wewe umemsikia miaka saba baada ya kufa kwake, kwani Khalid alikufa mwaka 106. Uwongo ukaanguka pale pale, kwa tarehe moja tu.

Na hapa kwetu, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alitutolea mwaka 1972 kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo utaona ametaja fulani kasoma kwa nani, kasomesha nani, na kafa lini. Lau si kazi hiyo, wengi katika mashekhe wale leo wangalikuwa ni majina tu katika dua za khitma.

KIPANDE TULICHOKIOKOTA

Baba yangu alipofariki, tulikaa ndugu zangu na mimi kupanga vitu vyake. Katika nakala yake ya Maulidi ya Barzanji, ambayo kurasa zake zilikuwa zimeshika mafuta ya udi, ukaanguka mkato wa gazeti. Kichwa cha gazeti kilikuwa kimekatwa, na mwaka haumo. Maandishi yenyewe ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha sokoni, kwa hivyo nikampa mpwa wangu atusomee.

Habari ilikuwa fupi, mistari kumi na nne. Ilisema kwamba mzee fulani (na huyo ndiye baba yake babu yangu), mfanya biashara ya karafuu anayejulikana sana mjini, amefariki Jumapili usiku na kuzikwa Jumatatu, siku ya Maulidi, na jeneza lake likafuatwa na umati mkubwa. Ikasema kwamba alikuwa mmoja wa wanafunzi wa marehemu Sayyid Ahmad bin Sumeit. Mwisho ikasema ameacha mjane, watoto wawili wanaume, na binti mmoja. Chini kabisa palikuwa na neno Septemba.

Sote tulifurahi. Mwanafunzi wa Sayyid Ahmad bin Sumeit! Mdogo wangu akasema tukitie kipande kile katika fremu tukitundike ukumbini. Kisha mpwa wangu akaleta mushkeli. Akasema, "Mjomba, hapa gazeti linasema alikufa Jumapili usiku, na nyinyi siku zote mnatuambia alikufa usiku wa Jumatatu. Nani mkweli?"

Nikamwambia wote wakweli. Kwetu sisi siku huanza jua linapokuchwa, kwa hivyo usiku wa Jumatatu ndio huo ambao Mzungu anauita Jumapili usiku. Ukiwa na tanzia ya zamani, msomaji, lichunge sana jambo hili, kwani watu wamegombana kwa siku ya hauli na kumbe wanasema kitu kimoja kwa hesabu mbili.

JINSI TULIVYOUPATA MWAKA

Ulikuwa umebakia mwaka. Nikawaambia vijana: sisi watu wa madrasa hatuna mashine, lakini tuna kalenda na akili aliyotupa Mwenyezi Mungu.

Kwanza, tanzia inamwita Sayyid Ahmad bin Sumeit "marehemu". Sayyid Ahmad, mzaliwa wa Itsandraa katika Ngazija na kadhi mkubwa wa Unguja, alifariki mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki sahibu yake Sheikh Abdalla Bakathir. Basi tanzia haiwezi kuwa kabla ya 1925.

Pili, nyuma ya kipande palikuwa na tangazo la vitambaa, na bei zake ni za rupia. Rupia ilikoma kuwa fedha ya Unguja mwanzo wa mwaka 1936, ikaingia shilingi. Basi tanzia haiwezi kuwa baada ya 1935.

Tatu, Maulidi ilikuwa mwezi wa Septemba. Mwaka wetu wa Hijra ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hivyo Maulidi hurudi nyuma kila mwaka. Katika miaka ile, mwezi 12 Mfungo Sita uliangukia Septemba mara tatu tu kwa hesabu: Jumatano tarehe 30 mwaka 1925, Jumatatu tarehe 20 mwaka 1926, na Ijumaa tarehe 9 mwaka 1927. Mwaka 1928 ilikwisha rudi Agosti. Sasa muandamo wa mwezi unaweza kuleta tofauti ya siku moja, lakini siku moja haiwezi kuigeuza Jumatano wala Ijumaa ikawa Jumatatu. Basi mzee wetu alizikwa mwaka 1926, sawa na mwaka 1345 wa Hijra.

Vijana wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikaona fakhari moyoni.

MTOTO WA TATU

Fakhari yangu haikudumu. Usiku ule nilitoa karatasi ya nasaba ya nyumba yetu, aliyoiandika babu kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu, nikataka kuongeza mwaka wa 1345. Chini ya jina la mzee pana vitawi viwili: babu yangu na kaka yake. Basi. Nikarudia kipande cha gazeti. Watoto wawili wanaume, na binti mmoja. Binti gani?

Asubuhi nikenda kwa shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka tisini na akili yake ni nzima kuliko yangu. Nikamsomea. Akanyamaza kitambo, akiukunja ukingo wa mkeka. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe limo gazetini?"

Akanieleza. Mzee alikuwa na suria, na suria akamzalia mtoto wa kike. Mzee alimkiri na kumlea. Mzee alipokufa, yule mama alikwisha kuwa Pemba, na binti kaolewa huko huko. Ndugu zake wawili wakagawana nyumba ya mjini na shamba, na yeye hakuitwa. Shangazi alimdiriki. "Alikuwa akija kila Idi," akasema, "na pakacha la machungwa. Anakaa barazani. Baba anampa mkono, lakini ndani haingii. Sisi watoto tukiambiwa ni mtu wa mashamba. Mwaka mmoja hakuja. Hapana aliyeuliza."

Ndugu msomaji, gazeti la kigeni, lililoandikwa na mtu asiyetujua wala kutusalia, lilimwandika yule binti pamoja na ndugu zake. Babu yangu, aliyesoma Minhaji na kusimamisha tarawehe, alimfuta kwa kalamu yake katika nasaba ya baba yake. Nakiandika kitu hiki na uso wangu una haya.

HUKUMU INASEMAJE?

Pengine utasema: huyo si alikuwa mtoto wa suria? Hapa ndipo ujinga wetu ulipo, na ndipo historia inapotakiwa isomwe pamoja na fiqhi.

Utumwa ulikuwa ni dhiki kubwa katika pwani hii, wala hatuna haja ya kuupaka rangi nzuri. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ilifuta hadhi ya utumwa katika Unguja na Pemba, lakini masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka ilipokuja nyingine mwaka 1909. Kwa hivyo walikuwako kina mama waliobaki katika hali ile miaka kumi na miwili baada ya wenzao kuachiliwa.

Lakini mtoto wa suria aliyekiriwa na baba yake hakuwa mtumwa siku hata moja. Ni huru, ni halali, na anarithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Hilo halina khitilafu. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe wawili walioushika ufalme baada yake, Thuwaini huko Maskati na Majid hapa Unguja, wote wawili walizaliwa na masuria, na hapana aliyesema hawana haki kwa sababu hiyo. Nabii Ismail (A.S.) mama yake ni Bi Hajar. Ibrahim, mwana wa Bwana Mtume (S.A.W.), aliyemlilia alipokufa, mama yake ni Bi Mariya Mkibti. Nani katika sisi mwenye damu bora kuliko ya hao?

Basi tukapiga hesabu kama ilivyotakiwa ipigwe mwaka 1926. Mjane ana thumni. Iliyobaki ni ya watoto, mwanamume fungu mbili za mwanamke. Mali ikigawanywa mafungu 40: mjane mafungu 5, kila mtoto mwanamume mafungu 14, na binti mafungu 7. Jumla 40. Baadaye mjane naye alifariki, na fungu lake likaenda kwa wanawe wawili, kwani binti hakuwa mwanawe. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 40 zilizoingia katika nyumba yetu kutokana na mirathi ile, 7 hazikuwa zetu. Tumezilia. Tumesomeshewa, tumeolewa na kuozeshwa kwazo.

Shamba lilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, pamoja na mashamba mengine. Nyumba iliuzwa zamani, na thamani yake tunaijua kwa sababu hati ya mauzo imo katika bahasha ile ile. Nikawakusanya jamaa. Wengine walisema, "Haya ni ya karibu miaka mia, yamekwisha." Nikawauliza: dhima ya maiti inakwisha kwa miaka mingapi? Mwenyezi Mungu, baada ya kutaja mafungu ya mirathi katika Suratun Nisaa, ameiita ni mipaka Yake, akamwahidi Pepo mwenye kuishika na Moto mwenye kuivuka. Hakutaja kwamba mipaka hiyo inafutika kwa mvua za masika. Katika tawi letu walikubali wote. Katika tawi la pili wamekubali baadhi, na wengine mpaka leo hawajakubali. Nawaombea.

SAFARI YA PEMBA

Nikatia nia, nikavuka. Kwa kuuliza huku na huku, nikafika nyumba moja ya udongo iliyoezekwa kwa bati, chini ya mshelisheli. Nikamkuta mama mmoja wa umri wa miaka sabini na kitu, anaanika karafuu kwenye jamvi. Alikuwa ni mjukuu wa yule binti. Nikajitambulisha kwa jina langu na la babu yangu, nikaanza kumweleza kwa marefu, kama mtu anayetoa habari mpya.

Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Ndugu yangu, sisi tunawajua nyinyi siku zote. Bibi alituhifadhisha majina yenu yote. Baba yako alipofariki tulisoma khitma hapa."

Sikuwa na la kujibu. Sisi wenye nasaba iliyoandikwa hatukuwajua wao, na wao wasio na karatasi walikuwa wakituombea.

Nikamtolea fedha tulizochanga, nikamwomba atupokelee na atusamehe. Nilitaraji atasema, kama wengi wasemavyo kwa adabu, "Hapana haja, tumesamehe." Hakusema. Alizipokea, akazihesabu mbele yangu noti moja moja, akasema, "Hii ni haki ya bibi yangu. Mimi siwezi kusamehe kisicho changu peke yangu, nina ndugu saba. Nitawaita, kila mtu apewe chake, na atakayetaka kusamehe asamehe kwa ulimi wake."

Wallahi, nimesomesha ilmu ya mirathi zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kusikia jawabu iliyonyooka kuliko hiyo. Wakati wa kuagana akaniomba kitu kimoja: nakala ya kile kipande cha gazeti. Hakuwa akijua kuwa bibi yake ameandikwa popote.

NASIHA KWA WENYE NYUMBA

Ndugu msomaji, yaliyotupata sisi si ya nyumba moja. Kwa hivyo nakuusia mambo manne.

La kwanza, fungua bahasha ya nyumbani kwako kabla hujafunguliwa wewe. Soma tanzia ya mzee wako neno kwa neno, na usiishie kwenye sifa. Hesabu warithi waliotajwa, kisha walinganishe na nasaba mliyonayo. Kama kuna aliyezidi au aliyepungua, uliza.

La pili, kama huna kipande, tafuta. Gazeti la serikali ya Unguja lilianza tarehe 1 Februari 1892, na magazeti ya zamani yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kilimani. Kwa upande wa Mombasa na Lamu, gazeti rasmi la Kenya lilianza mwaka 1899, na ndani yake mna matangazo ya mirathi ya marehemu wengi, yakiwaita wenye madai wajitokeze. Lakini tahadhari: waandishi wa Kizungu walikuwa wakiandika majina yetu kwa kusikia tu. Sumeit utamkuta Sumait na Smet. Usiseme "hayumo" mpaka umejaribu kila sura ya jina.

La tatu, kaa na wazee ungali unao. Gazeti lilitupa neno moja, "binti", lakini pakacha la machungwa lilikuwa kwa shangazi. Lau ningalichelewa miaka michache, neno lile lingalikuwa kitendawili kisicho na mteguzi.

La nne, unapoandika wewe tanzia ya mzazi wako, iwe gazetini au katika hizo simu zenu za leo, andika kweli. Wataje watoto wote, wa wake wote. Wataje mabinti kwa majina yao, wala usiwafunike chini ya neno "na wengineo". Taja tarehe kwa hesabu zote mbili. Taja madeni yaulizwe kwa nani. Kwani sisi tumeamrishwa kujua nasaba zetu kwa ajili ya kuunga udugu, na Mwenyezi Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu mbele Yake ni mchaji Mungu zaidi. Nasaba isiyokupeleka kwa jamaa yako ni mapambo tu ya ukutani.

Ama kipande chetu, hakikutiwa fremu. Kimerudi ndani ya Barzanji ya baba. Na karatasi ya nasaba niliichukua, nikaweka wino, nikaongeza kitawi cha tatu chini ya jina la mzee, na chini yake watoto na wajukuu wote aliowataja yule mama. Karatasi haikutosha, ikabidi niunganishe nyingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, awasamehe walipokosea, asitutie katika wenye kula haki za wenzao, na atujaalie tunapofika kwake tuwe hatudaiwi na mtu. Amin.